Saitokini na Uhai wa Seli T Wakati wa Maambukizi: Somo kutoka Serengeti

Mwanzoni mwa mwaka 1994 simba wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka, wakipepesuka na kuanguka kifafa. Kabla ya mwaka huo kwisha, takriban theluthi moja ya simba wa ikolojia ile, yaani wapatao 1,000, walikuwa wamekufa au kutoweka. Maabara zilibaini kwamba chanzo kilikuwa virusi vya distempa ya mbwa, na ushahidi ukaelekeza kwenye mbwa wanaofugwa katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Mji wa Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, uko upande wa magharibi wa hifadhi hiyo, katikati ya vijiji vya wafugaji na wakulima ambako mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzi wa mchungaji.

Kisa hiki kinafaa kutangulizwa katika somo la afya ya binadamu kwa sababu virusi vya distempa ni ndugu wa karibu wa virusi vya surua, na pia wa virusi vya sotoka, ugonjwa ulioteketeza ng'ombe na nyumbu wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kutangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Virusi vya jamii hii vina tabia moja. Havianzi kwa kushambulia ngozi, ubongo wala mapafu. Huanza kwa kuingia ndani ya chembechembe nyeupe za kinga ziitwazo limfosaiti, vikitumia kipokezi kilicho juu ya chembe hizo kiitwacho CD150. Mnyama au mtoto aliyeambukizwa hupoteza walinzi wake kwanza, dalili nyingine hufuata.

Miaka kadhaa baadaye watafiti walizipima tena sampuli za damu ya simba zilizokuwa zimehifadhiwa, nao wakakuta jambo lisilotarajiwa. Virusi vya distempa viliwahi kupita miongoni mwa simba hao mara kadhaa bila kusababisha vifo vingi. Tofauti ya mwaka 1994 ilikuwa ukame uliotangulia. Ukame ulidhoofisha nyati, nyati waliodhoofu wakajaa kupe, na simba waliowala nyati hao wakapata babesia kwa wingi usio wa kawaida. Babesia ni kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe, na simba wengi huishi nacho maisha yao yote bila kuugua. Distempa ilipomwondoa mlinzi, adui ambaye tayari alikuwa ndani ya ua akapata nafasi. Simba hawakuuawa na virusi peke yake wala na babesia peke yake.

Mhudumu wa afya anayewahudumia watu wenye virusi vya UKIMWI (VVU), kifua kikuu na surua ataitambua hadithi hiyo mara moja, kwa kuwa huiona kwa wagonjwa wake. Swali la somo hili liko chini ya hadithi hiyo: ni kitu gani huifanya seli T iendelee kuishi, na ni kitu gani huifanya ife, mwili unapopambana na maambukizi?

Ruhusa ya kuishi

Seli T ni aina mojawapo ya limfosaiti. Huzaliwa katika uboho wa mifupa, kisha husafiri hadi tezi ya thaimasi iliyoko kifuani, nyuma ya mfupa wa kidari, ambako huchujwa na kufunzwa. Zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. Zinazofaulu huingia katika damu na kuzunguka kati ya damu, wengu na tezi za limfu, ambazo zikivimba kinenani watu huziita mitoki. Kuna makundi makubwa mawili: seli T za CD4, ambazo huratibu na kuzisaidia chembe nyingine za kinga, na seli T za CD8, ambazo huua chembe za mwili zilizokwisha kuingiliwa na virusi.

Wengi hudhani kwamba seli huishi mpaka ipatwe na jambo la kuiua. Kwa seli T mambo ni kinyume. Kuishi ni ruhusa inayotolewa upya kila siku, na ruhusa hiyo ikikatika seli hujiua yenyewe kwa utaratibu uliopangwa, bila kelele na bila kuchafua mazingira yake. Utaratibu huo huitwa apoptosisi. Ndani ya kila seli T zimo protini za kuua, mojawapo ikiitwa Bim, na zimo protini za kuzuia kifo, maarufu zaidi ikiwa Bcl-2. Mapambano yao hufanyika juu ya mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli. Bcl-2 ikizidi, mitokondria hubaki imara na seli huishi. Bim na wenzake wakizidi, kuta za mitokondria hutoboka na seli husambaratika.

Kinachoamua upande upi uzidi ni ujumbe kutoka nje. Wajumbe hao ni protini ndogo zinazoitwa saitokini, ambazo chembe moja huzitoa na nyingine huzipokea kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake. Saitokini ziko nyingi. Somo hili linahusu chache tu: intaleukini-7 (IL-7), intaleukini-15 (IL-15), intaleukini-2 (IL-2) na kundi la interferoni.

IL-7 ndiyo posho ya kila siku. Hutengenezwa na chembe za kiunzi cha tezi za limfu, si na seli T zenyewe. Seli T ipitapo katika tezi huinywa, na ujumbe ukifika ndani huongeza Bcl-2. Kwa seli T changa, yaani zile ambazo hazijawahi kukutana na kimelea zilichoumbwa kukitambua, IL-7 pamoja na mguso mwepesi wa chembe za mwili wenyewe ndizo nguzo za uhai.

Mfugaji ataelewa haraka hesabu ya IL-7 akifikiria lambo ambalo maji huingia kwa kiasi kilekile kila siku. Ng'ombe wakiwa wengi, maji hunywewa yote na wanyonge hufa kiu. Ng'ombe wakipungua, maji hubaki na kupanda, waliosalia hunywa hadi kushiba na kuzaa. Ndivyo mwili unavyodhibiti idadi ya seli T. Kiunzi cha tezi hakina haja ya kuzihesabu. Hutoa IL-7 kwa kiwango karibu kisichobadilika, na idadi ya walaji ndiyo huamua ni kiasi gani kitabaki. Kwa sababu hiyo mgonjwa ambaye seli zake za CD4 zimeshuka sana huwa na IL-7 nyingi zaidi katika damu kuliko mtu mwenye afya.

Umuhimu wa posho hii huonekana kwa watoto wachache wanaozaliwa wakiwa na kasoro katika kipokezi cha IL-7. Hao hawana seli T kabisa, na bila kupandikizwa uboho hufa wakiwa wachanga kutokana na maambukizi ambayo kwa mtoto mwingine yangekuwa mafua ya kawaida. Wapo pia wavulana wenye kasoro katika sehemu ya kipokezi ambayo IL-2, IL-7, IL-15 na saitokini nyingine kadhaa huitumia kwa pamoja. Kosa la jeni moja hukata njia zote hizo kwa mkupuo.

Vita vinapoanza

Kimelea kinapoingia, hali hugeuka. Seli T inayokitambua huacha kutegemea posho ya kila siku. Hupunguza vipokezi vya IL-7, huongeza vipokezi vya IL-2, na huanza kugawanyika kwa kasi ya kutisha, hata kutoka kundi la seli chache zikapatikana maelfu kwa maelfu ndani ya juma moja. IL-2, ambayo hutolewa hasa na seli za CD4 zilizoamshwa, huchochea kugawanyika huko. Interferoni na saitokini nyingine za uvimbe huziarifu seli kwamba hatari ni ya kweli na si kelele za bure.

Hata hivyo IL-2 ina sura mbili. Seli iliyooshwa kwa IL-2 nyingi huku ikikutana na kimelea tena na tena hujengewa pia mlango wa kifo: huongeza kipokezi kiitwacho Fas, na jirani akikibonyeza, seli hufa. Kwa mara ya kwanza jambo hilo huonekana kama upotevu. Lakini jeshi lililoumbwa kuua, likiachwa bila kuvunjwa, hugeukia wananchi.

Kwa hiyo kimelea kinaposhindwa, jeshi huvunjwa. Katika panya wa maabara, ambao ndio waliochunguzwa kwa kina zaidi, seli 90 hadi 95 kati ya kila 100 za mapambano hufa katika majuma machache baada ya ushindi. Uvimbe hutulia, IL-2 hukauka, Bim hushinda. Ni vifo vingi, na ni vya afya.

Zile chache zinazobaki huwa kumbukumbu. Watafiti waligundua kwamba hata kabla vita havijaisha, zipo seli kadhaa zinazorudisha mapema vipokezi vya IL-7, na hizo ndizo zenye nafasi kubwa ya kusalia. Baadaye seli za kumbukumbu za CD8 huishi kwa IL-7 pamoja na IL-15, hii ya pili ikizifanya zigawanyike taratibu ili kuziba mapengo, mwaka baada ya mwaka, bila kuhitaji kukiona kimelea tena. Kiasi cha uvimbe nacho kina neno lake. Uvimbe mkali na wa muda mrefu husukuma seli nyingi zaidi kuwa askari wa muda, na chache zaidi kuwa kumbukumbu. Chanjo nzuri, ikiwa ni pamoja na ile ya homa ya manjano ambayo dozi moja huweza kulinda maisha yote, huacha nyuma seli za namna hiyo.

Vita visivyokwisha

Yaliyoelezwa hadi hapa yanahusu maambukizi yanayoanza na kuisha. VVU haviishi. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, jambo moja limeendelea kuwashangaza wanaojifunza ugonjwa huu: chembe za CD4 zinazokufa ni nyingi mno kuliko zile ambazo virusi huzaana ndani yake. Zinakufaje?

Sehemu ya jibu ilitolewa mwaka 2014 na watafiti wa San Francisco waliotumia tishu za tezi za findo na za wengu wa binadamu. Waliona kwamba seli nyingi za CD4 katika tishu hizo huvamiwa na virusi lakini uvamizi haukamiliki. Vipande vya virusi vilivyokwama ndani hutambuliwa na seli yenyewe, nayo hujilipua. Kifo hiki si apoptosisi ya kimya. Huitwa pairoptosisi, kifo cha moto, kwa kuwa seli hupasuka na kumwaga saitokini ya uvimbe iitwayo IL-1 beta. Uvimbe huo huvuta seli nyingine za CD4 zije kuangalia kuna nini, nazo huambukizwa na kupasuka. Saitokini, ambayo kazi yake ni kuita msaada, hugeuka kuwa chambo.

Sehemu ya pili ya jibu iko katika utumbo. Majuma ya kwanza ya maambukizi huondoa seli nyingi za CD4 zilizoko kwenye ukuta wa utumbo, na bidhaa za bakteria huanza kupenya na kuingia katika damu. Interferoni na IL-6 hubaki juu mwezi hadi mwezi. Seli T huamshwa bila kupumzika, huchoka, na nyingi hufa kabla hazijafika hatua ya kuwa kumbukumbu.

Sehemu ya tatu haizungumzwi sana katika vyumba vya ushauri, ingawa pengine ndiyo inayomgusa mgonjwa kwa muda mrefu kuliko zote. Uvimbe usiokoma huacha makovu. Ndani ya tezi za limfu nyuzi za kolajeni huongezeka na kuharibu kile kiunzi kinachotengeneza na kushikilia IL-7. Hapo mfano wa lambo hubadilika. Maji yanaweza kuwapo, hata yakapimwa kuwa mengi katika damu, lakini njia ya kuyafikia imezibwa kwa miiba. Mgonjwa huyu atameza dawa zake kwa uaminifu, wingi wa virusi utashuka hadi kutoonekana, na bado CD4 yake itapanda kwa kusuasua. Si haki kumshuku kwamba haTumii dawa wakati kipimo cha virusi kinamtetea.

Makovu hayo si ya VVU pekee. Mwaka 2018 watafiti wa Kampala wakiongozwa na Cissy Kityo, kwa kushirikiana na wenzao wa Minnesota, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tezi za limfu za watu wa Uganda wasio na VVU. Walikuta uamshaji wa kinga wa kudumu, makovu katika tezi na upungufu wa seli za CD4, na waliokuwa na hali hiyo kwa kiwango kikubwa waliitikia vibaya zaidi chanjo ya homa ya manjano. Kwa wilaya ambayo malaria, minyoo na kuhara ni wageni wa kila msimu, matokeo hayo yanastahili kusomwa kwa makini. Huenda sehemu ya tofauti ya nguvu ya chanjo kati ya bara moja na jingine imefichwa ndani ya tezi hizo.

Kwa nini hakuna sindano ya kuongeza CD4

Katika kila kituo cha tiba na matunzo hukosi mgonjwa anayeuliza swali hili, na ni swali la busara. Ikiwa saitokini ndizo chakula cha seli T, si mgonjwa apewe saitokini?

Jambo hilo lilijaribiwa, tena kwa kiwango kikubwa. Majaribio mawili ya kimataifa, ESPRIT lililokuwa na washiriki zaidi ya 4,000 na SILCAAT lililokuwa na takriban 1,700, yaliwagawa watu wenye VVU kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa dawa za kufubaza virusi peke yake, wengine waliongezewa sindano za IL-2 kwa mizunguko ya siku 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. CD4 za waliopata IL-2 zilipanda kweli, katika ESPRIT kwa wastani wa zaidi ya seli 150 kuliko wenzao. Lakini walipohesabiwa waliougua magonjwa nyemelezi na waliokufa, hapakuwa na tofauti ya maana. Na katika ESPRIT madhara makali ya sindano yalikuwa mengi zaidi upande wa waliochomwa.

Sababu inayotolewa ni kwamba nyingi kati ya seli zilizoongezeka zilikuwa na alama zinazofanana na za seli zinazotuliza kinga, na kwamba kurefusha maisha ya seli zilizopo si sawa na kurudisha seli zilizopotea. Mtu aliyepoteza seli zote zilizokuwa zikikumbuka kuvu wa kriptokokasi hapati ulinzi dhidi ya kuvu huyo kwa kuongezewa seli zinazokumbuka mambo mengine. Kipimo cha CD4 huhesabu vichwa. Hakiulizi kila kichwa kinajua nini.

IL-7 nayo ilijaribiwa kwa vikundi vidogo vya wagonjwa ikapandisha idadi ya seli T, lakini haijafika kuwa tiba ya kawaida. Kwa hiyo unga, mizizi na vidonge vinavyouzwa minadani na katika simu kwa jina la kuongeza CD4 havina msingi wowote katika elimu hii. Ikiwa saitokini yenyewe, safi, iliyopimwa na kuchomwa chini ya uangalizi, haikuokoa maisha, muuzaji wa unga ana kazi kubwa ya kueleza wake unafanyaje.

Kilichothibitika ni kuzuia moto usiwake muda mrefu. Jaribio la START, lililohusisha watu 4,685 katika nchi 35, lilionyesha mwaka 2015 kwamba kuanza dawa CD4 ikiwa bado juu ya 500 kulipunguza kwa asilimia 57 hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo, ikilinganishwa na kusubiri. Tanzania iliingia katika utaratibu wa kumpa dawa kila anayegundulika tangu mwaka 2016. Mtu anayejisikia mzima na kuuliza kwa nini aanze leo anaweza kujibiwa kwa lugha ya tezi: kila mwezi wa kusubiri ni mwezi wa makovu, na makovu hayo dawa haziyafuti kwa urahisi.

Kinga inaporudi kwa kishindo

Wapo wagonjwa ambao kwao haraka huua, na mhudumu hana budi kuwajua. Mgonjwa anapoanza dawa akiwa na CD4 chini sana, virusi hushuka haraka, saitokini hubadilika, na seli T zilizosalia huzaana kwa kutumia ile IL-7 iliyokuwa imelimbikizwa. Zikikuta vimelea vimejaa mahali pasipoweza kuvumilia uvimbe, kama kwenye utando wa ubongo, huanzisha vita papo hapo. Mgonjwa aliyekuwa akielekea kupona huzidiwa.

Jaribio la COAT, lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, lilihusisha wagonjwa 177 wenye homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kriptokokasi. Waliopewa dawa za VVU ndani ya wiki mbili za kwanza walikufa asilimia 45 kufikia wiki ya 26. Waliosubiri takriban wiki tano walikufa asilimia 30. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu hiyo, na matokeo yake ya mwaka 2014 ndiyo yanayomfanya daktari wa leo amtibu kwanza kuvu kwa wiki 4 hadi 6. Ndugu wa mgonjwa wanaoona dawa za VVU zikicheleweshwa wodini wanastahili kuelezwa hivyo, la sivyo watadhani mtu wao ametelekezwa.

Hapa ndipo kipimo cha CD4 kinapobaki na kazi, hata baada ya masharti ya kuanza dawa kuondolewa. Mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200 huhesabiwa kuwa na ugonjwa wa VVU uliofikia hatua ya juu, vivyo hivyo kila mtoto wa chini ya miaka 5 anayegundulika. Hao huchunguzwa kifua kikuu, ikiwamo kwa kipimo cha mkojo, na watu wazima na vijana huchunguzwa kriptokokasi kwa kipimo cha damu hata kama kichwa hakiumi. Kotrimoksazoli huanzishwa pia.

Kipimo hicho kisomwe kwa tahadhari. Malaria kali huondoa limfosaiti nyingi katika mzunguko wa damu kwa muda, na zinarudi mgonjwa akitibiwa. Kifua kikuu peke yake, hata kwa asiye na VVU, hushusha CD4. Karatasi iliyoandikwa siku ya homa ya nyuzi 39 ichukuliwe kama picha ya siku hiyo, na kipimo kirudiwe homa ikishapona. Lakini uchunguzi wa kriptokokasi na kifua kikuu usingoje marudio hayo.

Surua: idadi hurudi, kumbukumbu hairudi

Mwaka 1908 daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, aliona kwamba watoto waliokuwa wakiitikia kipimo cha ngozi cha kifua kikuu waliacha kuitikia walipopata surua. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wa kuambukiza kuonekana ukidhoofisha kinga, miaka mingi kabla ya neno seli T kubuniwa.

Sasa inafahamika kwa nini. Kipokezi cha CD150 kimejaa juu ya limfosaiti za kumbukumbu. Virusi vya surua huingia humo, na seli hizo hufa, ama kwa virusi vyenyewe ama kwa kuuawa na askari wa mwili wanaokuja kusafisha. Limfosaiti katika damu hushuka. Kisha, kwa sheria ileile ya lambo, saitokini zilizobaki bila mnywaji huziotesha upya zilizosalia, na hesabu hurejea ndani ya majuma machache. Karatasi ya maabara huonekana nzuri. Ila sehemu kubwa ya seli zilizojaza nafasi ni zile zinazoijua surua, huku waliozijua nimonia na kuhara wakiwa wamepotea. Uchunguzi wa watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba surua iliwapotezea kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo.

Chanjo ya surua-rubela, inayotolewa katika umri wa miezi 9 na miezi 18, haileti upotevu huo. Mama wa Mugumu anayeacha dozi ya pili kwa kuwa mtoto ameshatembea na kunenepa anaacha wazi mlango ambao jirani zake simba waliupitia. Mbwa wa vijiji hivi wamekuwa wakichanjwa katika kampeni za tangu miaka ya 1990 dhidi ya kichaa cha mbwa, na baadhi ya kampeni zimejumuisha distempa. Mchungaji anayempeleka mbwa wake kwenye kampeni hizo na mama anayempeleka mtoto kliniki wanafanya kazi ileile mbele ya virusi vya ukoo mmoja.

Mtoto anayelazwa kwa surua apewe vitamini A siku ya kwanza na siku ya pili: yuniti 50,000 kwa kila dozi akiwa chini ya miezi 6, yuniti 100,000 akiwa na miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kuanzia mwaka mmoja. Akiwa na dalili za macho za upungufu wa vitamini hiyo, dozi ya tatu hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Anaporuhusiwa, upele umekwisha na homa imeshuka, mzazi aelezwe kwamba miezi inayofuata ndiyo ya kumwangalia zaidi: kikohozi, kupumua kwa haraka, kuhara, masikio yanayotoa usaha, uzito usioongezeka. Kama nyumbani yupo anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, apimwe kifua kikuu naye, na tarehe ya mtoto kurudi kliniki iandikwe kwenye kadi kabla hawajatoka mlangoni.